Pendekezo la uzamifu kuhusu sanaa: Mapenzi pekee hayatoshi

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Agosti hadi Desemba, simu yangu hulia kuliko kawaida. Anayepiga aghalabu ni mwalimu wa shule ya upili au mhadhiri wa muda aliyehitimu shahada ya uzamili miaka miwili mitatu iliyopita. Ameona tangazo la ufadhili wa masomo ya uzamifu, anataka kutafiti sanaa ya Kiafrika, iwe ni ngoma, nyimbo, filamu, uchongaji au maigizo, na swali lake huwa lilelile: “Prof, nitume nini?”

Wengi wao huamini kwamba ufadhili hupatikana kwa kujuana. Sitakataa kwamba kujuana kupo duniani. Lakini nimekaa katika majopo ya kutosha, ya humu nchini na ya nje, kujua kwamba kinachowaangusha waombaji wetu mara nyingi ni zile kurasa chache zinazoitwa pendekezo la utafiti. Mtu ana alama nzuri, ana barua nzuri za walimu wake, kisha anaandika kurasa nane za kuisifu sanaa anayoipenda. Jopo linasoma, linatikisa kichwa kwa heshima, na kumpa fedha mwingine.

Hebu tuanze na neno lenyewe. Uzamifu (wengine husema na kuandika uzamivu, na sina ugomvi nao leo) linatokana na kuzama. Mzamiaji hazami bahari nzima. Huchagua mahali, akajua anatafuta nini huko chini na pumzi yake inatosha kiasi gani. Nyingi za mada ninazoletewa ni za bahari nzima.

Chukua moja ambayo huiona karibu kila mwaka: “Nafasi ya taarab katika jamii ya Waswahili.” Kwa masikio ya Mkenya mada hiyo ina uzito. Kwa jopo la ufadhili haina mshiko. Miongoni mwa wanaoisoma huenda mmoja ni mtaalamu wa filamu za Nigeria na mwingine ni bingwa wa vinyago vya Afrika Magharibi ambaye hajawahi kufika Mombasa. Atauliza: taarab ipi? Ya Unguja, ya Tanga au ya Mombasa? Ya enzi ya Siti binti Saad aliyekwenda Bombay kurekodi sahani za santuri mwaka 1928, au ya vinanda vya umeme vya leo? Na “nafasi” ni nini? Kila kitu kina nafasi katika jamii. Hata matatu zina nafasi katika jamii.

Sasa tuibane mada hiyohiyo mpaka itoe swali. Marehemu Juma Bhalo (1942–2014), mwimbaji aliyetikisa Mombasa kwa miongo kadhaa, alijulikana kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa tuni za filamu za Kihindi. Baadhi ya mashairi hayo alitungiwa na binamuye, mshairi Ahmad Nassir. Ushairi wetu wa kimapokeo una hesabu yake: mshororo wa mizani kumi na sita, ukigawika vipande viwili vya nane kwa nane, na vina mahali pake. Tuni ya Kihindi nayo ilitungiwa maneno ya lugha nyingine yenye urefu wake na mkazo wake. Vikikutana viwili hivi, ni kipi kilichomlegezea mwenzake? Je, mshairi alivunja mizani ili kuifuata tuni? Au mwimbaji ndiye aliyeivuta silabi na kuikunja tuni ili vina visipotee?

Hilo ni swali. Lina jibu ambalo hatulijui kabla ya kwenda kutazama, na hiyo ndiyo alama ya kwanza ya swali la utafiti. Tena linafanyika. Unachagua nyimbo ishirini, unazitafuta filamu zilikotoka tuni, unaziweka pande mbili na kusikiliza mstari kwa mstari. Ukitaka kulinganisha, yupo Zein l’Abdin (1939–2016), mwana wa Lamu aliyesifika kwa udi wake, ambaye muziki wake ulichukua njia nyingine. Na ukilijibu, jibu lako litamgusa hata asiyejua taarab. Mwanaisimu atalitaka kwa sababu ya silabi na mkazo, na mwanahistoria kwa sababu ya Bahari ya Hindi. Sisi wa ushairi tutalitaka kwa sababu bado tunabishana kama bahari za ushairi zilizaliwa kwenye karatasi au kooni.

Tena lina haraka yake. Tazama miaka ile: 2014 na 2016. Waliopiga ala nyuma ya mabingwa hao ni wazee sasa. Kanda zilizouzwa na maduka kama Mbwana Radio Service pale Mombasa zinaharibika kwa joto na unyevu ndani ya makabati ya watu. Mwombaji anayelieleza jopo jambo hili kwa sentensi mbili tulivu amejibu swali ambalo kila mfadhili hujiuliza: kwa nini utafiti huu ufanywe sasa? Hana haja ya kulia machozi kwenye fomu.

Kuna sentensi moja ambayo ningependa ipigwe marufuku: “Hakuna aliyewahi kutafiti suala hili.” Jamani! Kuhusu taarab pekee, Mwenda Ntarangwi alichapisha kitabu mwaka 2003 kuhusu nyimbo na jinsia katika jamii ya Waswahili wa Mombasa. Laura Fair alikuwa ameandika kuhusu Unguja na Siti binti Saad mwaka 2001. Kelly Askew akafuata na Tanzania mwaka 2002, na Janet Topp Fargion akatoa kitabu kizima kuhusu taarab ya Unguja mwaka 2014. Ukisema hakuna aliyetafiti, na mmoja wa watu hao, au mwanafunzi wao, ndiye anayesoma pendekezo lako, umekwisha. Sema kwa usahihi: fulani alitazama maneno na jinsia, fulani historia, mimi natazama mahali ambapo silabi hukutana na tuni. Kuwatambua waliotangulia hakukupunguzii kitu. Kunaonyesha tu kwamba umesoma.

Onyesha pia kwamba unajua mali yako iko wapi. Utafiti wa sanaa hautegemei maktaba peke yake. Hugh Tracey, aliyeanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini mwaka 1954, alipita kwetu mapema katika miaka ya hamsini akirekodi. Miongoni mwa alivyochukua mwaka 1950 ni ule wimbo wa mabinti wa Kipsigis, “Chemirocha”, ambao jina lake ni matamshi yao ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani waliyemsikia kwenye santuri. Zaidi ya miaka sitini baadaye nakala za rekodi hizo zilirudishwa kijijini. Mtu akitaka kutafiti kinachotokea wimbo unaporudi nyumbani ukiwa mzee kuliko wanaousikiliza, mada ndiyo hiyo. Kwa vitu vya kushikika, mradi wa pamoja wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na washirika wa Ujerumani uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika makavazi ya ng’ambo. Orodha hiyo peke yake ina tasnifu kadhaa zinazosubiri wenyewe.

Suala la lugha sasa, kwa kuwa safu hii ni ya lugha. Mapendekezo mengi huandikwa kwa Kiingereza hata pale sanaa yenyewe inapopumua kwa Kiswahili, Kidholuo au Kigiriama. Mwombaji hujikuta akigeuza mafumbo, vijembe na mipasho kuwa neno moja la Kiingereza lenye maana ya matusi ya mzunguko. Hapo ameupoteza utafiti wake kabla haujaanza, maana tofauti kati ya hayo matatu ndiyo sanaa yenyewe. Fumbo hulifumbua anayeweza, kijembe kina mlengwa anayejijua, na mpasho hutaka hadhira ishuhudie. Ushauri wangu ni kuyaacha maneno ya wasanii yalivyo, uyaeleze mara moja kwa ukamilifu, kisha uyatumie mpaka mwisho bila kuomba radhi. Jopo halichukizwi na neno geni lililoelezwa vizuri. Idara kadhaa za Kiswahili hukubali tasnifu nzima ya Kiswahili, na kama ndiko unakokwenda, pendekezo nalo liwe la Kiswahili chenye istilahi imara.

Kipengele ambacho waombaji wetu hukipita mbio ni kile cha maadili na sheria, nacho ndicho kinachowatofautisha walio tayari na wasio tayari. Kila mtu huandika kwamba atapata leseni ya utafiti ya NACOSTI. Vyema. Wachache sana hutaja Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Tamaduni ya mwaka 2016, inayotaka jamii iridhie, tena ikiwa imeelezwa mapema, kabla ya nyimbo, ngoma au usanii wake kutumiwa. Ukienda Kaya kurekodi wimbo wa kafara, idhini ya mwimbaji mmoja haitoshi. Kuna wazee, na wazee wana utaratibu. Uweke muda wa kuwaona ndani ya ratiba yako, na nauli ya kurudi mara ya pili na ya tatu ndani ya bajeti.

Halafu kuna jambo la majina. Fomu za ridhaa tulizorithi kutoka sayansi za tiba humwahidi kila mhojiwa kwamba jina lake litafichwa. Kwa mgonjwa hilo ni hifadhi. Kwa msanii ni dhuluma. Mzee aliyetunga nyimbo miaka hamsini, unamwita “Mhojiwa wa 7”? Nimewahi kumsikia manju mmoja akimuuliza mwanafunzi, “Kwani mimi ni mwizi, hata unifiche?” Tunga fomu inayompa msanii hiari ya kutajwa au kutotajwa, eleza nani atamiliki rekodi, na nakala zitabaki wapi ukishahitimu. Mapendekezo niliyoyaona yakishinda aghalabu yalikuwa na aya kama hiyo, imeandikwa na mtu aliyekwisha kuketi na wasanii.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi kwa sababu masharti hubadilika kila mwaka. Soma tangazo lenyewe, usisome fununu za WhatsApp. Tazama kama ufadhili ni kamili au ni wa karo tu, maana karo bila posho ya kujikimu imewafanya wengi kurejea nyumbani katikati ya safari. Tazama kama unalipia utafiti wa nyanjani. Tazama uraia: baadhi ya fedha hutengewa nchi ambazo Umoja wa Mataifa unazihesabu kuwa zenye maendeleo duni zaidi, na humo wamo jirani zetu wa Tanzania na Uganda, ilhali Kenya haimo. Wafadhili wengine huhesabu miaka tangu ulipohitimu shahada ya mwisho. Si lazima kupanda ndege pia. Chuo Kikuu cha Bayreuth, ambako jumba la sanaa za Kiafrika la Iwalewahaus lilifunguliwa mwaka 1981, kina ushirikiano wa utafiti na Chuo Kikuu cha Moi pale Eldoret, na shirika la DAAD limekuwa likiwafadhili wanafunzi kusomea humuhumu Afrika Mashariki.

Wapo wanaoniuliza kama wachomeke maneno yanayopendwa na wafadhili: mabadiliko ya tabianchi, dijitali, uondoaji wa ukoloni. Kama yamo katika swali lako, yaandike. Kama hayamo, yataonekana kama kiraka cha rangi nyingine. Okot p’Bitek alisomea Oxford, akaandika tasnifu ya uzamifu kuhusu dini ya Waacholi na Walango, nayo ikakataliwa mwaka 1970. Mwaka uliofuata kitabu chake kuhusu dini ya Waluo wa Kati kilichapishwa Nairobi, na mpaka leo tunakisoma. Simtaji ili umwige kwa kukosana na watahini, la hasha. Namtaja kwa sababu alijua swali lake ni lipi na alilitoa wapi.

Limebaki la msimamizi. Usimwandikie profesa usiyemjua barua pepe ya “Dear Sir/Madam” uliyowatumia wenzake arubaini. Soma makala yake mawili, mweleze kwa aya moja swali lako linakutana wapi na kazi yake, na umwambatishie kurasa mbili tu. Wanaokuandikia barua za kukupendekeza wape angalau wiki tatu pamoja na nakala ya pendekezo lako, si kuwapigia usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Na kuhusu siku hiyo ya mwisho, angalia saa ni ya wapi. Saa sita usiku ya Berlin wakati wa baridi ni saa nane ya usiku Nairobi, lakini kama tangazo ni la kutoka mashariki yetu, dirisha huenda lilishafungwa ukingali unakula chajio.