Umeme Uingojapo Gesi, na Gesi Iungojapo Umeme

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Februari 2021, baridi isiyo ya desturi ilipokuwa imelifunika jimbo la Texas huko Marekani, mitambo ya kuzalisha umeme ilizimika mmoja baada ya mwingine, hata mizunguko ya umeme gridini, ambayo kwa kawaida ni 60 kwa sekunde, ikashuka chini ya 59.4 na kukaa huko kwa dakika 4 na sekunde 23. Lau ingalikaa hivyo kwa dakika 9, mitambo mingine ingalijizima yenyewe kwa kujihami, na jimbo zima lingaliingia kizani kwa majuma kadhaa, pengine miezi. Wasimamizi wakaamuru mgawo wa dharura, na gridi ikaokoka. Illa miongoni mwa wateja waliokatiwa walikuwamo wenye visima vya gesi asilia na wenye vituo vya kuisukuma mabombani, na gesi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiilisha mitambo ile ile iliyosalia. Visima vingi vilikuwa vimekwisha kuganda kwa baridi. Mgawo ukaongeza msiba juu ya msiba. Gesi ikapungua kwa kukosa umeme, umeme nao ukazidi kupungua kwa kukosa gesi, na kwa kuwa mitambo ya kusafisha maji nayo haina mwendo pasipo umeme, mamilioni ya watu wakaambiwa wachemshe maji kabla ya kuyanywa, ilhali wengi wao hawakuwa na cha kuchemshia.

Si kwamba wahandisi wa huko ni haba wa maarifa. Watu wa umeme wanazo programu za uigaji ambazo kwazo hujua, kabla ya kugusa swichi yoyote, ni waya upi utakaolemewa. Na watu wa gesi wanazo zao, zinazohesabu mgandamizo katika kila bomba. Taksiri i mpakani. Programu ya umeme aghalabu huchukulia kwamba gesi ipo daima, na ya gesi huchukulia kwamba umeme haukatiki, na kila moja, ndani ya milki yake, husema kweli.

Mwaka 2001 wataalamu watatu wa Marekani, Steven Rinaldi, James Peerenboom na Terrence Kelly, waliyagawa mategemeo haya mafungu manne: lile la kitu kwa kitu, kama gesi na mtambo, lile la habari zipitazo katika kompyuta, lile la ujirani wa mahali, na lile la sheria, bei na maamuzi ya wanadamu. Fungu la tatu lilijidhihirisha mwaka huo huo mjini Baltimore, treni ya mizigo ilipoanguka na kuwaka moto ndani ya handaki, bomba kubwa la maji lililo juu yake likapasuka, na nyaya za mawasiliano zilizopita humo zikaungua, intaneti ikazorota hata kwa watu wasiojua kwamba Baltimore ina handaki.

Wasomaji wa Unguja watakumbuka Mei 2008, ulipokatika kwa muda wa mwezi mzima hivi umeme uliokuwa ukija kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, na pampu za maji zikanyamaza. Ilikuwa taabu kubwa, lakini kwa mtazamo wa hesabu ilikuwa taabu nyepesi, maana maji yaliutegemea umeme na umeme haukuyategemea maji. Penseli na karatasi zatosha. Panapokuwa na duara, kama la Texas, ndipo penseli inaposhindwa.

Ili kulihesabu duara kama hilo, wako waliotaka kuandika programu moja kubwa itakayojua kila kitu. Siioni njia hiyo kuwa ya busara, kwani huwalazimisha watu kuandika upya, na kwa ubaya zaidi, yale ambayo mafundi wa kila fani wameyasahihisha kwa miongo mingi. Njia ya pili ni kuziacha programu zilivyo na kuziunganisha, na asili yake ni ya kijeshi: Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ikitaka viigaji vya ndege, vifaru na meli vikutane katika vita vimoja vya kompyuta, ilibuni katika miaka ya 1990 utaratibu uitwao High Level Architecture, ambao mwaka 2000 ulifanywa kiwango rasmi cha wahandisi.

Ugumu mkubwa wa kuziunganisha programu ni wakati. Mshtuko wa umeme huenea kwa sehemu ndogo ya sekunde, upungufu wa gesi husafiri bombani kwa saa nyingi, na programu ya mawasiliano haihesabu sekunde kabisa, bali huruka kutoka tukio hadi tukio. Kama majahazi yaliyofungamana safari moja, hapana budi aliye mwepesi apunguze tanga: hakuna programu iruhusiwayo kusonga mbele kupita wakati ambao jirani zake wameahidi kutoituma habari yoyote kabla yake. HELICS, chombo kilichoundwa na maabara za taifa za Marekani, huruhusu hata programu mbili kusimama katika nukta moja ya wakati na kupelekeana hesabu, huku moja ikisema gesi niliyonayo ni hii na nyingine ikijibu basi umeme wangu ni huu, mpaka zikubaliane. Fauka ya hayo, shirika lisilotaka kufichua siri za mabomba yake laweza kutoa tarakimu za mpakani tu, na nyumba yake ikabaki imefungwa.

Walakini hata chombo hicho kisingaliweza kuionya Texas usiku ule, kwa kuwa vituo vingi vya gesi havikuwa vimeandikishwa kwa makampuni ya umeme kuwa wateja wasiofaa kukatiwa, na programu haiwezi kuunganisha bomba na waya ambavyo hapana daftari linalosema kwamba vinakutana. Kwa hiyo baraza la kutunga sheria la jimbo likaamuru, mwaka ule ule wa 2021, ichorwe ramani ya mfuatano wote wa gesi na umeme. Ya kwanza ikakamilika Aprili 2022, ikiwa na vituo zaidi ya 65,000.