Baba, Mwana na Shimo la Nungunungu

Mkulima wa viazi vitamu wa Shinyanga hupima mwaka wake kwa michembe. Viazi humenywa, hukatwa vipande na kuanikwa juani hadi vikauke kabisa, na mvua zikishakoma, akiba hiyo ndiyo hulisha nyumba kwa miezi mingi. Nungunungu akiingia shambani usiku mmoja, asubuhi unakuta matuta yamefukuliwa na viazi vimetafunwa nusu vikaachwa, vingine vimeburutwa hadi pembeni. Karanga na mihogo navyo havisalimiki. Mnyama huyu aweza kufikia kilo ishirini, hatoki mchana, na sanamu la matambara halimbabaishi hata kidogo.

Waharibifu wengine wana dawa yao. Kuamia ndege ni kazi ya akina mama na watoto, kwa makelele na kombeo, tangu mtama unapoanza kutia punje mpaka unapovunwa. Binti aliyekua akiamia pamoja na mama yake anajua saa ambayo kwelea watashuka, na anajua watatokea upande gani. Tumbili hukimbizwa na mbwa. Lakini nungunungu lazima umfuate nyumbani kwake, na nyumbani kwake ni chini ya ardhi.

Kwa ajili hiyo Wasukuma walikuwa na watu maalumu, banunguli, waliojiunga katika chama chao, kama bayege walivyokuwa chama cha wawindaji wa tembo na bayeye chama cha wakamata nyoka. Shamba likivamiwa, mwenye shamba aliwaita. Elimu yao ilirithishwa kama inavyorithishwa elimu ya tiba au ya uhunzi: kijana aliipata kwa kumfuata mkubwa wake, mara nyingi baba au mjomba, na kuipata kulichukua miaka.

Somo la kwanza ni la asubuhi, na halihitaji mkuki. Baba na mwana hufuata nyayo kutoka shambani, wakiokota mwiba mmoja hapa na mwingine kule, mpaka wafike penye shimo. Hapo mtoto hufundishwa kusoma mlango kabla ya kuusogelea. Utando wa buibui ukiwa umetanda mzima, hakuna aliyepita usiku ule. Udongo mbichi uliotupwa nje una maana yake. Mifupa iliyogugunwa mlangoni ni dalili kubwa, kwa kuwa nungunungu hukusanya mifupa na kuitafuna, ananoa meno na kupata madini yaliyomo. Mashimo mengi anayokaa hakuyachimba mwenyewe. Yalichimbwa na muhanga, naye muhanga akihama huingia yeyote: ngiri, fisi, nyegere, chatu. Ngiri akishtuliwa hutoka kwa kasi, pembe mbele, na anaweza kumpasua mtu paja. Ndiyo maana mtoto hukatazwa mapema kabisa kusimama mbele ya mlango wa shimo, na hukatazwa kwa ukali ambao katika kazi nyingine za nyumbani hauonekani.

Kisha kuna kutafuta milango mingine. Shimo la nungunungu huwa na zaidi ya mmoja, na mwindaji asiyeijua yote hurudi mikono mitupu. Kazi ya mtoto huanzia hapo. Anaziba mlango wa nyuma kwa mawe na miti ya miiba, anaukalia mbali kidogo, anasikiliza. Huku mbele wakubwa wanafukiza moshi, au mmoja wao mwenye mwili mwembamba anaingia kwa tumbo akiwa na mkuki na mwanga wa kienge, siku hizi tochi. Aliyeko ndani hawezi kugeuka kirahisi. Nungunungu naye akibanwa hampi mtu uso. Humgeuzia mgongo, hutingisha miiba ya mkia ikalia, kisha hurudi kinyumenyume kwa nguvu. Watu husema anarusha miiba kama mishale. Harushi. Miiba yake hung'oka upesi inapogusa mwili, nayo ikibaki nyamani, jeraha hutunga usaha. Mbwa wengi wa windo wamekufa hivyo.

Ni hapa ninapowaona wazee hawa kuwa walimu wa kweli. Hatari ile haikufichwa kwa mtoto, wala hakusukumiwa. Aligawiwa kidogo kidogo: kwanza nyayo, halafu mlango wa nyuma, halafu kushika kamba au mguu wa aliyeingia, na mwisho kabisa, akiwa kijana mwenye kifua na akili iliyotulia, kuingia mwenyewe huku baba yake akiwa nje anamsemesha. Kila hatua ilikuwa na mtu aliyempenda akiwa karibu kiasi cha kumvuta.

Nyoka walikuwa sababu nyingine ya kutokwenda peke yako. Swila na kifutu hupenda baridi ya mashimo kama wapendavyo nungunungu, kwa hiyo mwindaji wa shimoni alihitaji kujua dawa za nyoka, na elimu hiyo ilikuwa mikononi mwa bayeye. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa elimu jamii wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, aliandika juu ya chama hicho mwaka 1946 na kukiita cha siri. Siri ilikuwepo, ndiyo, ya miti na mizizi na ya viapo. Lakini kwa mkulima aliyeumwa mguu kondeni, bayeye walikuwa waganga waliojulikana kwa nyumba zao.

Jioni, mambo haya yote yalirudiwa kwenye shikome, moto wa wanaume nje ya nyumba, ambako banamhala, yaani wazee, walikaa na vijana wakasikiliza. Mtoto aliyeshika mlango wa nyuma mchana angesikia windo lake likisimuliwa mbele ya wakubwa, na akiulizwa aliona nini, ilimpasa ajibu sawasawa. Uongo haukupita kirahisi pale, maana waliomzunguka walilijua shimo.

Jambo moja kuhusu mnyama mwenyewe linastahili kutajwa, kwa kuwa wawindaji wazuri walilizingatia. Nungunungu huishi dume na jike pamoja, na wote wawili hulea. Watoto wakianza kutoka usiku kutafuta chakula hufuatana na mzazi. Nyayo ndogo pembeni mwa nyayo kubwa shambani ni za mwanafunzi mwingine, anayeonyeshwa palipo na viazi.

Nchi yenyewe haikubaki ilivyokuwa. Katika miaka ya 1920, Charles Swynnerton, ofisa wa serikali ya kikoloni, aliongoza kazi kubwa ya kufyeka vichaka vya Shinyanga ili kuwafukuza mbung'o, na maelfu ya watu walikusanywa kukata miti. Malisho yaliongezeka, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikaja, kuni zikapungua, na kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikitajwa kama jangwa linalokuja. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao kilichousaidia kufaulu ni kutumia desturi ya Wasukuma wenyewe: ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Ngitili zilizokuwa hekta mia chache zilipanuka zikapita hekta 300,000, za familia na za vijiji. Miti ikarudi, ndege wakarudi, na wanyama wadogo wa usiku wakapata tena mahali pa kujificha mchana. Msitu ukirudi karibu na shamba, viazi navyo hupata wageni wa zamani. Sioni kuwa hiyo ni hasara. Ni hesabu ambayo wazee wa banunguli waliijua kabla yetu.

Hata hivyo baba wa leo hawezi tu kuchukua mkuki na mwanawe wakaenda. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kama ile ya 1974 kabla yake, inamtaka mwindaji awe na kibali, na wanyamapori ni mali ya umma chini ya serikali. Naiunga mkono sheria hiyo. Bila mipaka, tochi zenye mwanga mkali na pikipiki zingemaliza pori la Bukombe na Mbogwe kuelekea Kigosi kwa muda mfupi sana. Lakini mkulima mwenye tuta lililofukuliwa anastahili kusikilizwa upesi na ofisa wa wanyamapori wa wilaya. Anastahili pia kukumbukwa kuwa yeye ndiye anayelipa gharama ya pori kurudi.

Basi windo limehamia ngomani. Ngoma ya bununguli bado huchezwa, na Bujora, kule Kisesa karibu na Mwanza, ambako padri David Clement kutoka Kanada alijenga makumbusho ya Wasukuma, imehifadhi kumbukumbu za vyama hivi. Wachezaji hujipamba kichwani kwa miiba ya nungunungu, hujikunja, hutambaa, huigiza kuingia na kutoka. Katika sikukuu ya Bulabo mwezi Juni watoto huziona ngoma hizi na kuzishangilia. Napenda kuona ngoma hiyo, na ninaamini ina kazi. Ila mtoto anayeshangilia hajawahi kuonyeshwa utando wa buibui mlangoni.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu watoto wa huku hawajaacha kuingia mashimoni. Kuanzia Kahama hadi Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu kule Geita, dhahabu ya wachimbaji wadogo hutolewa katika maduara, na duara ni shimo lenye giza, hewa finyu na kuta zisizoaminika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi za hatari, zikiwemo za migodini. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyoeleza watoto wa Geita, Shinyanga na Mbeya, baadhi wakiwa na miaka minane tu, wakichimba, wakibeba mawe na kushika zebaki. Wengi wao wamekwenda huko bila baba. Wengine hawana baba kabisa. Anayewapokea ni mtu anayetaka mwili mwembamba wa kupita pembamba, na hakuna anayemwambia mtoto kwanza akalie mlango wa nyuma miaka mitatu.

Oktoba 2015, huko Nyangalata, wilaya ya Kahama, kifusi kiliwafunika wachimbaji wakiwa chini. Watano walitolewa hai baada ya siku 41. Walikuwa wamekula mizizi, mende na vyura, wakinywa maji yaliyochuruzika kwenye mwamba, na walisikika kwa kupiga kelele. Walikuwa watu wazima wenye uzoefu.

Mzazi wa Geita anayelima na kuchimba kwa zamu, na wako wengi, bado ana elimu ya kumpa mwanawe bila kuvunja sheria na bila kumpeleka duarani. Anaweza kumchukua asubuhi hadi kwenye ngitili, wakafuata nyayo mpaka penye shimo, wakasimama kando ya mlango, akamuuliza anaona nini. Mtoto ajibu. Akikosea, aulizwe tena. Kisha warudi shambani wakazungushie viazi uzio wa miti ya miiba, uliozikwa chini kiasi cha kumkatisha tamaa mchimbaji.