Mtungi wa Gesi Usiopaswa Kulazwa

Apitaye karibu na karakana za mjini humwona fundi aliyevaa miwani myeusi akikata bamba la chuma kwa mwali mkali. Mwali huo ni wa asetilini, gesi aliyoigundua Edmund Davy huko Ireland mwaka 1836. Ikiungua pamoja na oksijeni hutoa joto lipitalo nyuzi 3,000 za Sentigredi, ilhali chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi.

Lakini gesi hii haipendi kusongwa. Ikishindiliwa peke yake yaweza kuvunjika na kulipuka, hata pasipo hewa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtungi wake si mtupu. Umejazwa kitu kigumu chenye vitundu vidogo sana, kilicholoweshwa asetoni, kimiminika kile kile ambacho akina mama hufutia rangi ya kucha. Gesi huyeyuka humo kama sukari katika chai, ikatulia.

Hapo ndipo ilipo hatari ya kuutumia mtungi ukiwa umelala. Asetoni hutoka pamoja na gesi, huharibu mipira, na ile iliyobaki ndani haitoshi tena kuituliza gesi. Mtungi uliosafirishwa ukiwa umelazwa husimamishwa kwa saa kadhaa kabla ya kufunguliwa. Ni saa ambazo fundi mwenye haraka huziona ni hasara.

Gustaf Dalén wa Sweden aliijua gesi hii kuliko wengi. Alitengeneza taa za asetilini za kuongozea meli, zilizojizima zenyewe kulipopambazuka. Mwaka 1912 mlipuko katika jaribio la mitungi ulimpofusha macho yote mawili. Mwaka huo huo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ikapokewa na ndugu yake. Aliendelea kuiongoza kampuni yake, akiwa kipofu, hadi alipofariki mwaka 1937.

Karakana zetu nyingi zimepakana na nyumba na vibanda vya mama lishe. Asetilini ya karakana hunuka kama kitunguu saumu, na ikifika sehemu mbili na nusu tu katika mia ya hewa, yatosha kushika moto. Harufu hiyo ikisikika, vali ifungwe, watoto waondolewe, na jiko la mkaa la jirani lizimwe kwanza, hata kama wali haujaiva.