Singer na Cherehani Yake

Neno SINGER wengi wetu tumelisoma kwenye cherehani ya fundi. Kumbe hilo ni jina la mtu! Je, ndiye aliyevumbua cherehani? Hapana, si peke yake.

Isaac Singer alizaliwa mwaka 1811 katika jimbo la New York, Marekani. Hakusoma sana. Alikuwa fundi wa mitambo, na pia aliigiza michezo jukwaani.

Mwaka 1850, katika karakana moja mjini Boston, aliiona cherehani yenye kasoro. Chombo cha uzi wa chini kilizunguka duara, na kazi haikwenda vizuri. Singer alikifanya kiende mbele na kurudi nyuma. Sindano akaifanya ipande na kushuka wima. Akaweka mguu mdogo wa kukandamiza kitambaa kisiinuke. Mwaka 1851 akapata hati ya serikali ya kulinda ubunifu wake.

Hapo ugomvi ukaanza. Fundi mwingine, Elias Howe, alikuwa na hati yake tangu mwaka 1846. Cherehani yake ilishona kwa nyuzi mbili, na tundu la sindano lilikuwa karibu na ncha. Singer alitumia njia hiyo bila ruhusa. Howe alikuwa maskini, lakini karatasi alikuwa nayo. Akashtaki. Mwaka 1854 alishinda, na Singer akalazimika kumlipa.

Tatizo la pili lilikuwa bei. Cherehani moja iliuzwa kama dola 100, fedha nyingi sana siku zile. Basi, mwaka 1856 Edward Clark, mwanasheria aliyeshirikiana na Singer, akaleta mpango mpya. Mnunuzi alitoa fedha kidogo, akachukua cherehani, halafu akalipa kila mwezi. Watu wengi wakanunua. Lakini aliyeshindwa kulipa alinyang'anywa.

Singer alikufa Uingereza mwaka 1875, akiwa tajiri mkubwa.

Siku hizi nasi tunakopeshwa vitu kwa njia hiyo hiyo. Kabla ya kutia sahihi, tusome mkataba wote. Jumla tutalipa shilingi ngapi? Kwa miezi mingapi? Tukichelewa, itakuwaje? Tusipoelewa, tuulize. Na kila tukilipa, tudai risiti, tuitunze. Howe alishinda kwa sababu karatasi yake ilikuwepo.