Nani atalipia pumzi ya mtu wa Tiwi?

Mtu wa Tiwi, kaunti ya Kwale, akikohoa wiki mbili bila kupata nafuu, jirani na tabibu huwaza kitu kimoja: TB. Hawakosei. Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Mgonjwa hupewa kikopo, akatema makohozi, yakapimwa kwa mashine ya GeneXpert. Shida huanza pale majibu yanapotoka safi na kikohozi kikabaki palepale. Saratani ya mapafu nayo huleta kikohozi, damu kwenye makohozi na kukonda, na wapo wanaomezeshwa dawa za TB miezi kadhaa huku uvimbe ukiendelea kukua. Hapo ndipo kampuni za kupima pumzi na jasho zinapoliona soko.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Dereva yeyote aliyesimamishwa usiku na kuambiwa apulize Alcoblow ameshapimwa kwa pumzi. Mwaka 1971 mwanakemia Linus Pauling alionyesha kwamba pumzi ya binadamu imebeba kemikali zipatazo 250. Uvimbe hubadilisha kemia ya mwili, chembe nyepesi huingia kwenye damu, hufika mapafuni, kisha hutoka na hewa. Kazi ni kuzinasa na kuzitambua.

Wanaofanya kazi hiyo wamegawanyika. Owlstone Medical ya Cambridge, Uingereza, hukusanya pumzi kwa barakoa maalumu, sampuli ikapelekwa maabara kuchanganuliwa kemikali moja moja. Wengine hutengeneza pua za umeme, ambazo hazijali jina la kemikali bali husoma harufu nzima na kuilinganisha na harufu zilizofundishwa. Profesa Hossam Haick, mzaliwa wa Nazareth, alichapisha mwaka 2009 pua ya aina hiyo iliyoundwa kwa chembe ndogo mno za dhahabu. Uholanzi, mwaka 2019, watafiti walitumia pua ya umeme kubashiri ni wagonjwa gani wa saratani ya mapafu wangefaidika na dawa za kuamsha kinga ya mwili. Hilo lina uzito wa kibiashara, kwani dawa hizo ni ghali mno, na anayejua mapema kwamba hazitafanya kazi anaokoa fedha na muda wa mgonjwa.

Jasho liko nyuma. Hospitali zimekuwa zikipima chumvi ya jasho tangu 1959 kwa ugonjwa wa kurithi unaoziba mapafu ya watoto, na mwaka 2015 watafiti wa Córdoba, Hispania, walichapisha jaribio la kutafuta saratani ya mapafu kwa jasho. Lakini kiasi cha jasho hubadilisha nguvu ya kilichomo ndani yake, na kwa joto la Pwani hilo si jambo dogo.

Karibu na nyumbani tuna panya buku wa shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Panya mmoja hunusa sampuli 100 za makohozi kwa dakika 20 hivi akitafuta TB. Anachokishuku hurudishwa maabara kuthibitishwa. Naupenda utaratibu huo kwa sababu pua huchuja na maabara huamua.

Sasa ingia jiko la makuti kijijini Tiwi. Mafiga matatu, kuni mbichi kidogo, masizi meusi yanang'aa darini, na mama ameinama akipuliza moto. Moshi wa kuni majumbani umewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Pia una benzini na kemikali nyingine ambazo mashine huzitafuta kwenye pumzi. Pua iliyofundishwa kwa pumzi za Waholanzi itasema nini juu ya mama huyu? Inaweza kumtia hofu bure, au ikamwambia yu salama ilhali si salama.

Kwa hiyo mashine lazima ifundishwe hapa, na hapo ndipo Kwale ina nguvu ya kujadili bei. Pumzi za watu wetu ni mtaji. Kampuni inayotaka kuzikusanya Tiwi au Msambweni iandike mkataba wa bei ya kuiuzia kaunti mashine, na iheshimu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ambayo huhesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Bei hiyo isiwe ya mashine pekee. GeneXpert imetufundisha kwamba gharama hukaa kwenye katriji. Ilichukua kelele za miaka mingi hadi mwaka 2023 bei ya katriji moja ya TB ikashushwa kutoka dola 9.98 hadi 7.97. Na mpango wa serikali wa kukodisha vifaa vya hospitali ulioanza 2015 uliacha mashine nyingine zimekaa bila kazi, zikikosa umeme au wataalamu.

Zaidi ya hayo, pumzi haimalizi kazi. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2011 ulionyesha kwamba picha ya CT ya mionzi midogo ilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 miongoni mwa wavutaji sigara wa kupindukia, na baada ya picha lazima kipande cha nyama kichukuliwe kupimwa. Kwa mtu wa Tiwi hiyo inaweza kuwa safari ya Likoni, feri na Mombasa, pengine zaidi ya mara moja. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipoanza Oktoba 2024 iliitengea saratani shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na 150,000 nyingine hizo za kwanza zikiisha. Nauli, kitanda cha kulala mjini na siku za kibarua zilizopotea hazimo humo.

Ningekuwa na shilingi ya kaunti mkononi leo, ningeiweka kwanza kwenye njia ya kumfikisha mgonjwa kwenye CT, ndipo ninunue pua. Nawe msomaji, ukiwa na mzee nyumbani anayekohoa, amepimwa TB na hana, usikubali arudi na chupa ya dawa ya kikohozi. Omba apigwe picha ya kifua.