Programu huria za mawasilisho

Programu huria za mawasilisho ni programu za kompyuta za kuandaa na kuonyesha slaidi ambazo leseni zake zinamruhusu mtu yeyote kuzitumia, kuzinakili, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuwagawia wengine. Slaidi ni kurasa zenye maandishi, picha au michoro zinazoonyeshwa moja baada ya nyingine, kwa kawaida kwa kutumia projekta. Hutumiwa na walimu darasani, wanafunzi wanaotetea utafiti wao na watumishi wanaotoa taarifa vikaoni. Inayojulikana zaidi ni Impress, ambayo ni sehemu ya LibreOffice.

Nchini Tanzania matumizi ya slaidi ni ya kawaida katika miji yenye vyuo na ofisi nyingi. Mfano ni Dodoma, makao makuu ya nchi, penye Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007 na ambapo wizara za serikali zilihamia baada ya mwaka 2016.

Bure na huria

Si kila programu inayopatikana bure ni huria. Google Slides, Canva na WPS Office zinaweza kutumika bila malipo, lakini ni mali ya kampuni, na kampuni inaweza kubadili masharti au kuweka baadhi ya huduma kwa wanaolipa tu. Programu huria haiwezi kufungwa kwa namna hiyo: toleo lililokwisha kutolewa hubaki mikononi mwa watumiaji, na shule inaweza kulisakinisha kwenye kompyuta zake zote kutoka kwenye flashi moja.

Nakala zisizo halali za programu za kulipia si programu za bure. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda pia programu za kompyuta. Tena, nakala za namna hiyo zinaweza kubeba virusi, na virusi hivyo huhama kwa flashi kutoka kompyuta moja hadi nyingine.

Historia

Asili ya Impress ni StarOffice, programu ya kampuni ya StarDivision ya Ujerumani. Kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliinunua StarDivision mwaka 1999, na mwaka 2000 ikaufungua msimbo wa programu hiyo kwa umma kwa jina la OpenOffice.org.

Desemba 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, toleo la OpenOffice.org katika Kiswahili. Lilitokana na mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Uswidi. Kazi hiyo ililazimu kutafuta maneno ya Kiswahili kwa ajili ya menyu na maelekezo yote ya programu. Ilionyesha pia faida ya msimbo ulio wazi: wataalamu wa lugha waliweza kutafsiri programu bila kusubiri kampuni iamue kwamba soko la Kiswahili linalipa.

Baada ya Oracle kuinunua Sun mwaka 2010, sehemu kubwa ya watayarishaji walijitenga na kutangaza LibreOffice tarehe 28 Septemba 2010. OpenOffice.org yenyewe ilikabidhiwa kwa taasisi ya Apache mwaka 2011. LibreOffice ndiyo inayopata matoleo mapya mara nyingi zaidi, na ina kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili.

Aina za faili

Impress huhifadhi kazi katika ODP, aina ya faili iliyo sehemu ya OpenDocument, ambayo ilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa (ISO/IEC 26300) mwaka 2006. Huweza pia kufungua na kuhifadhi faili za PPTX za Microsoft PowerPoint. Hata hivyo, faili ikihamishwa kutoka programu moja hadi nyingine, mpangilio unaweza kuvurugika: maandishi yakatoka nje ya kisanduku, au miondoko ya slaidi ikapotea.

Sababu moja kubwa ni fonti. Kompyuta isiyo na fonti iliyotumiwa huweka nyingine badala yake, na upana wa herufi ukitofautiana mistari husogea. LibreOffice huja na fonti za Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana sawa na zile za Calibri na Cambria za Microsoft. Suala la fonti lina uzito zaidi kwa lugha zenye herufi za pekee. Kirangi cha Kondoa, kwa mfano, huandikwa kwa herufi ɨ na ʉ, ambazo hazimo katika kila fonti. Fonti huria za Charis na Gentium zinazo.

Njia ya kujihadhari ni kuhifadhi nakala ya pili katika PDF. Nakala hiyo haina miondoko wala video, lakini huonekana vilevile kwenye kompyuta nyingine na kwenye simu.

Kuchagua programu

Uchaguzi hutegemea hasa mahali slaidi zitakapoonyeshwa, kuliko mahali zitakapoandaliwa.

Pasipo intaneti ya uhakika, programu iliyosakinishwa kwenye kompyuta yenyewe inafaa zaidi. Kupakua LibreOffice hutumia zaidi ya megabaiti 300 za bando, lakini mara moja tu. Baada ya hapo hufanya kazi bila mtandao.

Watu kadhaa wakiandaa wasilisho moja wakiwa miji tofauti, kwa mfano Dodoma na Singida, Google Slides huwarahisishia kazi kwa sababu wote huandika kwenye faili ileile. Inaweza kutumika bila intaneti, ila lazima iandaliwe mapema wakati mtandao upo.

Ikiwa slaidi zitaonyeshwa kwa kompyuta ya ofisi yenye PowerPoint, ni vyema kuhifadhi faili katika PPTX na kuijaribu kwenye kompyuta hiyo kabla ya kikao. ONLYOFFICE, programu nyingine huria, hutumia PPTX kama aina yake ya kawaida ya faili.

Kwa masomo yenye kanuni nyingi za hisabati hutumika Beamer, inayofanya kazi ndani ya LaTeX na kutoa slaidi katika PDF. Humtaka mtumiaji ajifunze kuandika amri badala ya kubofya.

Upungufu

Impress ina violezo vichache vya kuvutia kuliko Canva, na mtu aliyezoea PowerPoint huhitaji muda kuizoea. Hakuna kampuni moja inayolazimika kumsaidia mtumiaji asiyelipa. Msaada hupatikana kwa watumiaji wenzake. Kwa hiyo shule au ofisi inayohamia programu huria huhitaji angalau mtu mmaja anayeifahamu vizuri na anayeweza kuwafundisha wengine.