Simu ya dharura kwa intaneti: nani anajua upo ghorofa ya ngapi?

Leo tuongelee simu za intaneti na dharura, maana kutwa nzima tunauza kwa simu hizi.

Unajua mwenyewe, mzigo haufiki kwa "nipo Kariakoo". Boda anataka mtaa, jengo, ghorofa na namba ya fremu. Gari la wagonjwa nalo ni hivyo hivyo.

Simu ya mezani ya zamani ilikuwa na waya unaoishia sehemu moja, kwa hiyo kampuni ya simu ilijua upo wapi. Simu ya intaneti inabeba anwani ya IP, na IP peke yake haisemi "ghorofa ya 2".

Marekani wamelitungia sheria kabisa, RAY BAUM'S Act ya 2018. Ofisi au hoteli yenye mfumo wake wa simu, mtu akipiga 911 lazima simu iende na anwani ya mtaa, pamoja na ghorofa au chumba pale inapohitajika. Simu zisizohama zilianza kubanwa Januari 2021, zinazohama Januari 2022.

Wanafanyaje? Fundi anaugawa mtandao wa jengo vipande vipande. Kila kipande kinaitwa sabneti:

👉 Ghorofa ya 1: 10.0.1.0/24
👉 Ghorofa ya 2: 10.0.2.0/24

Kisha anajaza daftari ndani ya mfumo (hata Microsoft Teams inalo): sabneti hii, anwani hii, ghorofa hii. Mtu mwenye IP 10.0.2.45 akipiga 911, mfumo unachungulia daftari, unaona ni ghorofa ya 2, unatuma anwani pamoja na simu.

Sasa mitego yake:

1. Daftari halijisahihishi. Vifaa vya ghorofa ya 1 vikihamishiwa ya 2 bila kuandika upya, waokoaji wanaenda ghorofa siyo.
2. Sabneti moja ikitumika jengo zima, daftari litataja jengo tu. Ghorofa mtaitafuta wenyewe, na moto hausubiri.
3. Mtu yupo nyumbani kaunganishwa na ofisi kwa VPN? Mfumo unaweza kudhani yupo ofisini.

Kwa sisi wa WhatsApp: ile haipigi namba za dharura kabisa. Kwa Tanzania tumia laini ya kawaida, 112 polisi, 114 zimamoto. Na daftari letu ni karatasi ukutani. Andika mtaa, jengo, ghorofa, namba ya fremu na alama inayojulikana karibu. Bandika dukani, bandika na stoo. Ukihama fremu, badilisha siku hiyo hiyo.

Wewe unaijua sehemu yako hata gizani. Ila dada uliyemwajiri juzi, anayefunga mizigo peke yake stoo, ndo atakuwa ameshika simu siku hiyo. Mwandikie leo.

Mtumie na mwenzako mwenye stoo ghorofani 🙏